Nyumba inataka akaunti, akaunti inataka nyumba: kupanga nyumba ya familia kwenye nchi ngeni

Wiki ya pili baada ya kuhamia, mi na mwenzangu tulikaa kitandani kwenye chumba cha kupanga kwa wiki, tukachukua karatasi moja tukaanza kuandika kila tulichoambiwa siku hiyo. Mwenye nyumba anataka akaunti ya benki ya hapahapa. Benki inataka anwani. Anwani inatoka kwenye nyumba. Shule ya mtoto inataka anwani, mwajiri anataka akaunti, alafu huyo mwenye nyumba anataka pia slipu za mshahara za miezi 3 wakati mshahara wa kwanza wenyewe haujaingia kwa sababu akaunti hamna. Tulipomaliza kuchora mishale yote ilikuwa imezunguka ikarudi palepale ilipoanzia, na binti yetu akachukua kalamu akaweka macho mawili na mdomo katikati, duara likawa uso unatucheka.

Nimeona watu wengi wakihama na familia wanaamini tatizo la nyumba ni hela, au ni nyumba chache. Vyote vipo kweli. Ila kuna mtu ana hela yake mkononi, kazi nzuri, watoto wametulia, na bado anakataliwa nyumba kumi mfululizo bila kuambiwa sababu, na sababu yenyewe ni kwamba anaulizwa kitu kimoja yeye anajibu kingine.

Mwenye nyumba, awe wa nchi gani, ana maswali matatu tu kichwani. Huyu atalipa kila mwezi? Asipolipa nitampata wapi? Na huyu ndo kweli anayesema kuwa ndiye? Mpangaji mwenyeji anajibiwa maswali hayo na mfumo kabla hata hajafungua mdomo, kwa sababu miaka yake yote ya kulipa simu, mikopo na kodi imeandikwa mahali. Wewe miaka yako ipo ila imebaki ulikotoka, hapa unaonekana kama mtu aliyezaliwa Jumanne iliyopita. Sasa kila nchi ina namna yake ya kujibu yale maswali matatu, na ukishajua namna ya nchi unayokwenda, nusu ya fumbo imeshafumbuka.

Ujerumani jibu linaitwa Schufa, ni taarifa inayoonyesha kama una madeni uliyoyakimbia, na mgeni hata akiiomba inatoka karibu tupu. Marekani na Kanada ni alama za mikopo, ile namba inayopanda ukilipa kadi yako kwa wakati, ambayo mgeni hana kabisa. Ufaransa ni faili, wenyewe wanaita dossier: kitambulisho, mkataba wa kazi, slipu tatu za mwisho, karatasi ya kodi ya mapato, na mazoea ya huko ni kwamba mshahara uwe kama mara 3 ya pango, ukipungua unatafutiwa mdhamini. Japani mdhamini ndo kiini cha kila kitu, na siku hizi badala ya mtu binafsi unalipia kampuni ya udhamini ikusimamie, na juu ya hapo nyumba nyingi bado zina reikin, yaani pesa ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo haitarudi, usiichanganye na dipoziti. Dubai wamezoea hundi za tarehe za mbele, mkataba unasajiliwa kwenye mfumo wa Ejari na bila usajili huo hata umeme na maji huunganishiwi.

Ona vile vitu vinavyofanana. Hakuna hata sehemu moja wanayouliza kama wewe ni mtu mzuri. Ndo maana ile meseji ndefu ya kueleza familia yetu ni ya watu wastaarabu na tunamwogopa Mungu inasomwa na kupitwa. Wanataka karatasi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na hii unaifanya kabla hujapanda ndege, ni kutengeneza karatasi za kujazia pale penye tupu. Mkataba wa kazi au barua ya mwajiri yenye mshahara na tarehe ya kuanza. Taarifa za benki za miezi 6 za ulikotoka. Barua ya mwenye nyumba wako wa mwisho inayosema ulikaa kuanzia lini mpaka lini, ulilipa kwa wakati na nyumba uliiacha salama, na hii watu wengi wanaisahau alafu wanaanza kumtafuta mzee wa watu kwa simu wakiwa wameshahama. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa, vimetafsiriwa na mtafsiri anayekubalika. Vyote kwenye PDF moja iliyopangwa vizuri, jina lako kwenye faili, maana dalali anayepokea maombi 80 kwa nyumba moja hatafungua picha 14 zilizopigwa kwa simu zikiwa zimelala ubavu. Ufaransa kuna huduma ya serikali ya bure inaitwa DossierFacile inayokukagulia faili lako, na kuna Visale, dhamana ya bure kwa wanaotimiza masharti, hasa vijana chini ya miaka 31 na baadhi ya wafanyakazi, kwa hiyo kabla hujaanza kumlipa mtu akudhamini uliza kwanza.

Mwajiri pia ni mlango ambao watu wanauogopa bure. Muulize. Kampuni nyingine zinaweza kuandika barua ya kukudhamini, nyingine zinapanga nyumba kwa jina lao miezi ya mwanzo, na hata ile barua tu yenye nembo ina uzito kuliko maelezo yako yote.

Kuna njia ya mkato ambayo wageni wanaikimbilia: kulipa miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo ili mwenye nyumba asiulize maswali. Naelewa, na kuna sehemu ndo utaratibu. Ila sehemu nyingi sheria imeweka kikomo cha anachoweza kudai, na kikomo hicho kipo kwa ajili yako. Ujerumani dipoziti haizidi miezi 3 ya pango tupu, yaani bila gharama za jengo na joto, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3. Ufaransa ni mwezi 1 kwa nyumba isiyo na fenicha, miezi 2 kwa yenye fenicha. Uholanzi kuanzia Julai 2023 ni miezi 2. England, kwa pango lisilofika pauni 50,000 kwa mwaka, ni wiki 5, na hela hiyo lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30, tena sheria mpya ya wapangaji ya mwaka 2025 inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya pango la mwezi 1 mbele, kuanzia Mei 2026. Kanada, jimbo la Ontario, mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua pango la mwezi wa mwisho tu, dipoziti ya uharibifu hairuhusiwi, na jimbo la Quebec hata hiyo hawezi kukudai. Mtu akikwambia "wageni wote hulipa hivi", angalia kwanza sheria inasemaje, inawezekana wageni wote wanaibiwa hivyohivyo.

Sasa turudi kwenye lile duara.

Siri yake ni kwamba duara halikatwi kwa kupata nyumba ya ndoto, linakatwa kwa kupata anwani. Nyumba ya kwanza sio ya kuishi, ni ya kupatia anwani. Ukiielewa hiyo unapumua, maana unaacha kutafuta nyumba ya miaka 5 kwa macho ya mtu ambaye hajui hata basi linasimama wapi, unatafuta ya miezi 2 au 3 yenye sifa moja kubwa: inakuruhusu kujiandikisha. Hapo ndo wengi wanajikwaa. Ujerumani unatakiwa kujiandikisha ofisi ya wakazi ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, na tangu mwaka 2015 unaenda na karatasi ya uthibitisho iliyosainiwa na aliyekupangisha. Uholanzi anayekuja kukaa zaidi ya miezi 4 anapewa siku 5 kujiandikisha manispaa. Na nyumba za muda mfupi kibao tangazo linasema wazi au kwa chinichini kwamba kujiandikisha hairuhusiwi. Ukipanga hiyo umepata kitanda hujapata anwani, duara bado linakucheka. Swali la kwanza kabisa kumuuliza mwenye nyumba ya muda ni hilo, kabla ya bei, kabla ya intaneti: je, nitajiandikisha hapa, sisi wote, na watoto?

Upande wa benki napo kuna pa kushika. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya mwaka 2014 inayompa mtu anayeishi kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata asiye na anwani ya kudumu. Haina mbwembwe, lakini inapokea mshahara na inalipa pango. Mhudumu wa kaunta anaweza asiijue au ajifanye haijui, wewe iombe kwa jina lake, akaunti ya msingi. Benki za kwenye simu nazo huwa rahisi kwa kuanzia, ingawa kuna wenye nyumba wanakunja uso wakiona akaunti yenye namba ya nchi nyingine.

Hadi hapa mtu aliye peke yake anaweza kumaliza hadithi. Akalala kwenye sofa la rafiki, akapanga chumba kimoja, mambo yakaenda. Familia ndo hadithi inaanza upya, na kinachoanza nacho ni kuhesabu vyumba.

Ukisoma tangazo la vyumba 3 Ujerumani usifikiri ni vyumba vitatu vya kulala. Sebule nayo imehesabiwa, kwa hiyo ni sebule na vyumba viwili vya kulala, jiko na choo ndo havihesabiwi. Ufaransa T3 ni hivyohivyo. Japani 2LDK ni vyumba viwili, alafu herufi zile ni sebule, sehemu ya kulia na jiko vikiwa pamoja. Marekani na Uingereza wanahesabu vya kulala peke yake. Mimi hapo nilipoteza Jumamosi nzima, nimepanga kuangalia nyumba nne za "vyumba vitatu" nikitembea na watoto kwenye baridi, zote zikawa pungufu chumba kimoja, ya nne nikamuuliza yule dada wa wakala chumba cha tatu kiko wapi akanionyesha nilipokuwa nimesimama. Na ukubwa nao una vipimo vyake, mita ya mraba moja ni kama futi za mraba 10.76, kwa hiyo futi za mraba 900 ni mita kama 84, piga hesabu kabla hujashangilia namba kubwa. Hata ghorofa: Marekani ghorofa ya kwanza ni chini kabisa, sehemu nyingi za Ulaya ni ya kupanda ngazi mara moja. Kwa mtu mwenye kigari cha mtoto na jengo lisilo na lifti hiyo ni tofauti ya mgongo.

Watu wangapi wanaruhusiwa kulala kwenye vyumba hivyo? Usijibu kwa mazoea ya ulikokulia. Marekani kipimo kinachochukuliwa kuwa cha haki kwa ujumla ni watu 2 kwa chumba cha kulala, na mwenye nyumba wa kawaida haruhusiwi kukukataa eti kwa sababu una watoto, hilo liliongezwa kwenye sheria ya makazi ya haki mwaka 1988, japokuwa kuna majengo ya wazee na nyumba ndogondogo zinazosamehewa. England sheria ya makazi ya mwaka 1985 inaona nyumba imejaa kupita kiasi pale ambapo watu wawili wa jinsia tofauti wenye miaka 10 au zaidi, wasio wapenzi, wanalazimika kulala chumba kimoja, na sebule kwa sheria hiyo inahesabika kama mahali pa kulala. Kanada wana kipimo chao cha kitaifa ambacho kinatenganisha watoto wa kiume na wa kike kuanzia miaka 5, hicho sio sheria ya kukufukuza ila unakutana nacho ukiomba nyumba za ruzuku. Kwa hiyo ukienda England na una mtoto wa kiume wa miaka 9 na wa kike wa 11, hesabu mbele mwaka mmoja kabla hujasaini.

Na kuna hili ambalo linawakuta wanaotangulia peke yao ili familia ifuate. Kwa viza nyingi za kuunganisha familia nyumba yenyewe ni sharti. Ujerumani kwa aina kadhaa za vibali wanaangalia kama nafasi inatosha, na kipimo kinachotumika sana maofisini ni mita za mraba 12 kwa kila mtu wa miaka 6 na kuendelea, 10 kwa aliye chini ya hapo, wa chini ya miaka 2 hahesabiwi. Italia unapeleka cheti cha manispaa kwamba nyumba inafaa kwa idadi hiyo ya watu. Sweden mwombaji anaonyesha nyumba yenye vyumba vya kutosha, watoto wawili wanaweza kuchangia chumba. Mtu anapanga studio ya bei nafuu ili aweke akiba ya nauli za familia, anasaini mwaka mzima, baadaye ofisi ya uhamiaji inamwambia hiyo nyumba haiwatoshi. Akiba imegeuka kufuli. Kwa hiyo ukiwa umetangulia soma sharti la nyumba kwenye viza ya familia KABLA ya kusaini chochote cha muda mrefu.

Shule nayo inavuta upande wake. Marekani shule za umma kwa kawaida zinafuata wilaya ya mahali unapoishi, England umbali kutoka nyumbani ni moja ya vigezo ambavyo shule nyingi zinatumia zikiwa na waombaji wengi, na majimbo mengi ya Ujerumani mtoto wa msingi anapangiwa shule ya eneo lake. Maana yake ukichagua nyumba umechagua shule, hata kama hukuwa unawaza shule siku hiyo. Sisi tulifanya kinyume, tulipiga simu ofisi ya elimu ya eneo tukauliza shule gani ina nafasi darasa la pili na la nne kwa pamoja, tukajibiwa mbili, tukachora ramani kuzizunguka, ndo tukaanza kutafuta nyumba ndani ya mchoro. Eneo likawa dogo lakini angalau tulikuwa tunatafuta mahali pamoja badala ya mji mzima.

Bei sasa. Bei ya kwenye tangazo karibu kila sehemu ni nusu ya ukweli. Ujerumani kuna pango la baridi na pango la moto, Kaltmiete na Warmmiete, la kwanza ni nyumba tupu, la pili limeongezwa gharama za jengo na kwa kawaida joto, na umeme wa nyumbani mwako mara nyingi bado uko nje ya yote mawili. Tena nyumba nyingi za huko zinapangishwa bila jiko, sio kwamba halina friji, hapana, unakuta ukuta na mabomba mawili yametoka yanakutazama. Uholanzi kuna neno kaal, ukiliona jua hata sakafu hamna, mpangaji aliyetoka kabeba mbao zake. England na Australia matangazo mengi yanataja pango kwa wiki, na kosa la wageni ni kuzidisha kwa 4. Mwaka una wiki 52 sio 48. Nyumba ya 300 kwa wiki ni 15,600 kwa mwaka, gawanya kwa 12 unapata 1,300 kwa mwezi, sio 1,200 uliyokuwa unaiwaza, na hiyo mia inayokosekana kila mwezi ndo nauli za watoto.

Alafu kama nchi ina baridi, angalia daraja la nishati la nyumba kabla ya rangi ya kuta. Uingereza na Ufaransa madaraja ni A mpaka G, na Ufaransa kuanzia Januari 2025 nyumba ya daraja G hairuhusiwi kupangishwa kwa mkataba mpya. Nyumba ya pango rahisi yenye daraja la chini inakula tofauti yote kwenye bili ya joto, nawe bado unakaa na koti ndani.

Matapeli siwezi kuwaruka. Wanampenda mgeni kwa sababu tatu: ana haraka, yuko mbali, hajui bei za pale. Hadithi yao imekaa vilevile miaka yote. Nyumba nzuri mno, bei ya chini mno, mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi au kwa misheni, funguo atatuma kwa posta ukishalipa dipoziti, anakutumia hata picha ya pasipoti yake ili umwamini, na mara nyingi pasipoti hiyo ni ya mtu aliyetapeliwa kabla yako. Kwa hiyo na wewe usitume yako ovyo, ikibidi kutuma iandike juu yake ni ya maombi ya nyumba gani na tarehe. Chukua picha za tangazo uzitafute mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, utashangaa sebule ileile iko kwenye miji mitatu. Omba simu ya video ya moja kwa moja, sio video iliyorekodiwa, na akiwa ndani mwambie fungua bomba la jikoni, sasa toka nje nionyeshe namba ya nyumba na jina la mtaa. Tapeli hapo mtandao wake unakatika ghafla. England unaweza kulipia ada ndogo kwenye masjala ya ardhi ukaona jina la mmiliki. Na hela isitoke kabla ya mtu unayemwamini kuingia ndani ya ile nyumba kwa miguu yake, hata kama ni mfanyakazi mwenzako mpya ambaye unaona aibu kumsumbua. Msumbue.

Ukienda kuangalia, nenda na mtoto mmoja, wawili wakizidi. Sisemi uwafiche, kwenye maombi waandike wote kwa majina na miaka, maana ukificha mmoja mkataba unaweza kuvunjwa, ila kule kwenye foleni ya ngazini na waombaji 30 unahitaji mikono na akili. Sukuma kabati kidogo unuse nyuma yake, fangasi wa ukutani hujificha hapo na ndo wanaowapa watoto kikohozi kisichoisha. Madirisha yaliyofunguliwa yote siku ya baridi kali kuna harufu inatolewa. Simama kimya dakika moja usikie jirani wa juu. Fungua maji ya moto uhesabu yanachukua muda gani. Ukitoka, kabla hujafika kituo cha basi, tuma lile PDF lako, sehemu nyingi nyumba inaondoka siku hiyohiyo.

Mkataba usioweza kuusoma usiusaini, mpe mtu akusomee, miji mingi ina vyama vya wapangaji ambavyo kwa ada ya uanachama vinakukagulia. Angalia muda wa chini kabisa wa kukaa, notisi ya kuondoka ni miezi mingapi, pango linapandaje, na majina ya wazazi wote wawili yawe ndani, kwa sababu mmoja akipata kazi mji mwingine, au mambo yakienda vibaya kati yenu, yule ambaye jina lake halipo anaweza kujikuta ni mgeni kwenye nyumba yake.

Siku ya funguo ndo siku ya kuwa mkorofi kidogo. Sisi tulikabidhiwa saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, dalali anaangalia saa, karatasi ya hali ya nyumba imeshajazwa kila mahali "nzuri". Mwenzangu akawasha tochi ya simu akapiga magoti jikoni. Mkwaruzo kwenye sakafu mbele ya oveni, urefu wa kiganja. Picha. Droo ya pili haifungi. Picha. Dirisha la bafuni kitasa kimelegea, silikoni ya sinki imekuwa nyeusi, picha, picha. Tukasoma mita za umeme na maji tukaandika namba kwa pamoja, tukahesabu funguo, tukadai kila kitu kiingie kwenye ile karatasi kabla ya saini. Dalali alipumua kwa sauti. Miaka miwili na nusu baadaye tulipohama, mkwaruzo ule ulitaka kukatwa kwenye dipoziti yetu, tukatoa picha yenye tarehe, mazungumzo yakaishia hapo.

Kitu kimoja tu tulikisahau usiku ule, na hakuna karatasi yoyote iliyotuambia: jina kwenye boksi la barua. Nchi kama Ujerumani tarishi anaangalia jina, asipoliona barua inarudi ilikotoka hata kama namba ya nyumba ni sahihi. Mimi nilibandika la kwangu. Mwenzangu hatumii jina langu, na watoto nao wana majina yao, na akaunti tuliyofungua baada ya mahangaiko yote yale ilikuwa ya kwake. Kadi ya benki ikatumwa, ikarudi. Ikatumwa namba ya siri, ikarudi. Siku ya 19 benki wakaandika kwa imeili kwamba anwani aliyowapa haipo. Yeye alisoma ile imeili akiwa amesimama mlangoni kwenye hiyo anwani, akashuka chini na kipande cha karatasi na selotepu, akaandika majina yote manne kwa herufi kubwa mpaka nafasi ikaisha.